Karatasi Chini ya Mhimili

Lubumbashi, Jumapili alasiri

Mwadi, mama yangu,

Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu mzazi, na kwa haya ninayoandika nahitaji kuzungumza na mtu ninayemheshimu. Wewe uko Makomeno kuwaaga shangazi zako. Nyumba imetulia, mama yako anapiga pasi na kunung'unika kwamba koti ulilopewa ni la mtu mnene. Mimi nimekaa pale pale unapokaa wewe na madaftari yako. Nakuandikia kwa Kiswahili cha darasani, kile cha mapadri, maana cha nyumbani nikikiona kwenye karatasi nacheka, na Kifaransa changu kinatosha kusoma michoro ya mashine tu.

Mambo ya soksi, dawa ya tumbo, na kutojibu kila anayekusalimia njiani, mama yako ameyasema, kisha akayasema tena. Mimi siyagusi. Mimi nina jambo moja, na nisipolisema leo utapanda nalo ndege kesho bila kujua umebeba nini. Linahusu ule ukurasa wako wa mvua.

Nianze mbali kidogo, univumilie. Unakumbuka ulipokuwa mdogo ulivyokuwa ukikaa miguuni pa mama yako akipepeta mahindi kwenye lungo? Ulimuuliza kwa nini makapi yanaruka na punje zinabaki. Akakujibu, "Juu njo vile," yaani kwa sababu ndivyo ilivyo. Ukaja kwangu. Nikachukua bilauri, nikatia maji na mchanga wa uani, nikakoroga, nikakuambia kaa uangalie. Ulikaa. Mchanga mzito ukatulia chini kwanza, kisha ule laini, na tope likabaki limeelea. Ulivyofurahi, ukachukua kijiko ukakoroga tena, yote yakavurugika, ukalia. Nilidhani utalia kidogo tu, ukalia mpaka chakula.

Baadaye ulipotaka kuingia shule ya ufundi nilikataa kutia sahihi. Nilisema mashine si kitu cha msichana. Mama yako alivaa kitambaa kichwani, akaenda kutia sahihi yeye, akarudi, akapika. Sijawahi kukuomba radhi kwa lile, kwa hiyo naomba sasa. Lakini lile ni dogo. Ninalolileta ni kubwa zaidi.

Majuma sita yaliyopita ulirudi kutoka chuoni Kasapa na yale madaftari ya zamani ya maabara ya kiwanda chetu cha shaba, yale ambayo profesa wako aliyaomba yasije yakatupwa. Ulinionyesha kwenye meza hii hii. Ukasema, "Papa, angalia. Mvua inaanza tu, ma-chiffres yote inageuka." Kweli hesabu zilikuwa zimegeuka. Tangu mvua za kwanza mpaka kiangazi, chembe nzito zilikuwa zinapotea, zinatoka pamoja na tope badala ya kubaki ukutani mwa chombo. Ukanieleza wazo lako: kwamba udongo laini wa masika unashikana na chembe za shaba na kuziburuta. Ulikuwa umechora vizuri. Profesa alikuwa amelipenda wazo hilo. Ndilo lililokupa nafasi ya kusoma Ubelgiji, na ndilo utakalolifanyia kazi huko miaka yote hiyo.

Nilisema, "Ni muzuri, mama." Nikainuka nikaenda kunawa mikono iliyokuwa safi.

Maana mwaka ule wa madaftari mimi naujua. Ile mashine ya maabara ya kutenga chembe, ilipoharibika niliitengeneza mimi.

Unajua jinsi inavyofanya kazi kuliko mimi, lakini acha niiseme kwa namna ya atelye, karakana yetu. Chombo kinazungushwa kwa kasi, kizito kinakimbilia ukutani, chepesi kinabaki katikati. Kila kitu kinategemea mhimili. Mhimili ukizunguka kimya, chembe zinaachana. Ukitetemeka, hata kwa unene wa unywele, unakuwa kile kijiko chako kwenye bilauri, unakoroga tena kile ulichokwisha kutenga.

Mwaka ule mahali anapokaa roulement, ile pete ya chuma yenye gololi ndani, palikuwa pamelika. Pete ilicheza. Dawa yake inajulikana: unajaza chuma kwa kuchomelea, unaacha kipoe chenyewe, unakereza upya, unapima, unakereza tena. Siku mbili, ukienda vizuri. Mimi nilikuwa na mchana mmoja tu. Wageni wakubwa wa Chama walikuwa wanakuja, na atelye nzima ilikuwa imeitwa uwanjani kufanya mazoezi ya kucheza na kuimba. Mafundi wenye umri wangu, na abacost zetu, zile suti za Chama, tunafundishwa kukata kiuno na kijana wa ofisini. Chef, mkubwa wetu wa kazi, alitaka mashine izunguke mbele ya wageni, na alitaka pia mimi niwe safu ya pili kwa sababu ya urefu wangu. Nilikuwa na hasira, Mwadi. Nilisema moyoni, mnataka ngoma, mtapata ngoma.

Nikachukua karatasi ya sigara. Karatasi hiyo kwetu ni chombo cha kazi. Unaiweka kati ya kisu na chuma, na kisu kinapoinyakua unajua kimegusa. Mzee aliyenifundisha kukereza, mtu wa Kabalo aliyekuwa hana vidole viwili, alinionya tangu siku ya kwanza kwamba karatasi ni ya kupimia na haiachwi ndani. Nikaiacha ndani. Niliikunja mara mbili, nikaiweka chini ya pete upande uliolika, nikakaza. Nikaweka ile saa ya kupimia yenye sindano, nikazungusha mhimili kwa mkono, polepole, chuma kikiwa baridi. Sindano haikusogea. Ilikuwa sifuri kamili. Nilijisifu, nakuambia kweli. Nikaosha mikono nikaenda kucheza safu ya pili.

Nilisema moyoni nitarudi Jumatatu kuifanya inavyopaswa. Jumatatu kulikuwa na pampu imekufa. Jumatatu iliyofuata sikumbuki kulikuwa na nini. Mafuta yakaingia kwenye karatasi, joto likaipika, ikavunjika na kujikusanya upande mmoja. Na mvua ndiyo kwanza zimeanza. Mvua na karatasi yangu vilianza kazi mwezi ule ule mmoja.

Sasa nikuambie yale madaftari ni mwandiko wa nani.

Uliusifu mwandiko huo. Ulinionyesha saba zake, zilizokatwa katikati na mstari mdogo ulionyooka. Ulinionyesha pembeni, kuanzia siku zilipoharibika hesabu, neno moja la Kifaransa limeandikwa tena na tena: "repris", amerudia. Ukaniambia, "Uyu muntu, Papa, alikuwa anapima mara tatu. Mara tatu kila siku. Muntu wa vile hawezi kukosa." Ndiyo sababu ulizitegemea hesabu zake.

Ni Ramazani. Huyo huyo Papa Ramazani wa duka la barabara ya nyuma, anayekuuzia chumvi tangu utotoni. Usishangae. Kabla ya duka alikuwa mpimaji wa maabara yetu, na hakuna aliyekuwa na mkono mtulivu kama wake. Babu yake alitoka Kasongo, kule Maniema, na ufundi wa kupima dhahabu, nao ukashuka mpaka kwake. Unajua pia kwamba pale dukani hagusi mizani. Ukimwomba chumvi anamwita mkewe, "Mama Zaina, kuya kumupimia mutoto." Ninyi watoto mlisema ni majivuno ya watu wa Maniema, mwanamume hapimi chumvi. Na mimi niliwasikia mkisema hivyo, nikawaacha mseme.

Mvua zikielekea kwisha, hesabu zake zikiwa bado zinatofautiana na za maabara nyingine, chef alitafuta kosa liko wapi. Akaniita ukumbini, Ramazani amesimama pale pale na daftari mkononi. Akaniuliza, "Mashine iko muzuri?"

Nikajibu, "Iko muzuri, chef. Nilipima."

Na kweli nilikuwa nimepima. Ningeweza kuapa. Ramazani aliniangalia, na sikuona shaka yoyote machoni pake. Aliniamini, maana tulikuwa marafiki, na maana yeye mwenyewe hasemi kitu kuhusu kipimo asichokifanya. Akasema polepole, "Basi itakuwa ni miye." Wakamtoa maabara, wakampeleka uwanja wa mbao kuhesabu magogo. Kabla ya mwaka kwisha akaacha kazi, akaenda kukaa kwenye duka la shemeji yake.

Kiangazi mashine ilifunguliwa. Nilihakikisha naifungua mimi, peke yangu. Karatasi ilikuwa imebaki kipande cheusi, kidogo kuliko ukucha. Nikakitia mfukoni, nikajaza chuma, nikakereza, nikafanya siku mbili zangu zilizotakiwa tangu mwanzo. Kile kipande nilikichoma kwa moto wa sigara. Hesabu zikanyooka. Mpimaji mpya akasifiwa.

Kwa hiyo ushahidi hakuna, mama. Uko mdomo wangu tu, na barua hii.

Utauliza kwa nini sikusema siku ile uliponionyesha. Nilikuwa na majibu mengi nimeyapanga, na asubuhi hii nikinyoa ndevu nimeyatupa yote. Niliogopa wangekunyima nafasi. Hilo ni kweli. Niliogopa pia uso wako. Nilingoja karatasi zako zigongwe mihuri yote, na nilijua kwamba nangoja. Ukitaka kunikasirikia, anzia hapo, usianzie kwenye karatasi ya sigara. Mtu akiwa na hasira na haraka anaweza kukunja karatasi. Lakini majuma sita nilikula nawe mezani kila siku, na kila siku ulikuwa unaongeza ukurasa.

Sisemi wazo lako ni la uongo. Sijui. Pengine udongo wa masika unafanya kweli unavyosema, na karatasi yangu ilizidisha tu. Pengine ni karatasi peke yake. Mimi nimesoma mpaka darasa la sita, wewe una kichwa cha kulitenga hili na lile. Ninachojua ni kwamba hesabu za mwaka ule zina mkono wangu ndani, na mkono huo hukuambiwa. Ukifika, mwambie profesa wa huko. Taja jina langu, taja kazi yangu, usinisitiri. Kama watakuuliza umejuaje, waonyeshe barua hii, watafute mtu wa kuwasomea.

Nilitaka kuificha barua chini ya nguo zako uisome ukiwa umefika, mimi nikiwa mbali. Mama yako ndiye aliyenizuia. Nilimwambia yote jana jioni, akiwa anachambua maharagwe. Hakunifokea. Alichambua mpaka mwisho, akaniuliza, "Na Ramazani? Anajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Sasa unamwandikia mutoto nini, kama mwenyewe ya mambo hajue?" Akaenda kuyaosha maharagwe yake.

Basi leo baada ya misa sikurudi nyumbani. Mlinitafuta, nilikuwa dukani kwa Ramazani. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, anasoma gazeti la juzi. Mama Zaina alikuwa anapanga sabuni. Nilisimama. Nikamwambia kama nilivyokuandikia, tangu ngoma mpaka ule ukumbi, nilivyosema nilipima. Sikutaka kukaa, na yeye hakuniambia nikae.

Alikunja gazeti. Akauliza, "Karatasi ya sigara?"

"Ya sigara."

"Uliikunja mara ngapi?"

"Mara mbili."

Akafikiri. Naamini alikuwa anahesabu unene wake. Kisha akaitazama mikono yake, kwanza mmoja, halafu mwingine, akasema, "Miaka yote ile nilizania ni mukono yangu njo ilikuwa inatetemeka. Nilikuwa naiangalia asubuhi, naona haitetemeke. Nasema, pengine inatetemeka pale siangalie."

Mwadi, nimefiwa na wazazi wote wawili na kaka yako mkubwa, na sijawahi kusikia maneno yaliyoniingia hivyo. Nilijua nimemnyima kazi. Sikujua nimemfanya autilie shaka mkono wake mwenyewe kila asubuhi.

Akaniuliza tena, "Na leo unakuya kuniambia juu ya nini?"

Ningeweza kusema ni kwa ajili yake. Nikasema, "Juu ya mutoto. Anaenda ku Mputo, kwa Wazungu, na ma-chiffres yako. Nisikudanganye, kama si juu yake singekuya."

"Bon," akasema. Mama Zaina alikuwa ameacha sabuni, amejifunika mdomo kwa kitenge. Mteja mmoja aliingia kutaka kiberiti, akaona nyuso zetu, akatoka.

Halafu Ramazani akainuka, akaenda kwenye mizani. Mama Zaina akasogea kama kawaida yake, ampimie. Akamwambia, "Acha. Nitapima miye mwenyewe." Akafunga mlango wa duka ili upepo usiguse sahani za mizani. Akachota karanga, akaziweka, kisha akasita, akazirudisha kwenye gunia. "Karanga itakauka mu njia," akasema, "itapunguka." Akatazama huku na huku, akafungua sanduku la misumari. Mama Zaina akashindwa kujizuia, akasema, "Mutoto anaenda ku Mputo na misumari?" Ramazani alichukua konzi moja ya misumari, akaiweka, akangoja mshale utulie kabisa, akasoma. Akaondoa yote, akafuta sahani kwa shati lake, akaweka tena. Mara tatu. Mkono ule, mama, haukutikisika.

Akaandika kwenye kipande cha karatasi akinipa mgongo. Niliona tu kalamu ikivuka, ule mstari wa kukata saba. Akakikunja, akakifunga kwa uzi, na fundo la maabara ambalo nilikuwa nimelisahau, kisha akakiweka pamoja na misumari ndani ya gazeti. Akanipa. Akasema, "Umwambie apime kule, kule Wazungu beko na mizani ya kweli. Asifungue karatasi mbele ya kupima. Kiisha aniandikie, nijue mukono yangu."

Nilimwomba radhi. Akasema amesikia. Hajasema amenisamehe, na mimi sikumwuliza. Nilipofika mlangoni aliniita, nikageuka. Akaniambia tu nirudishe mlango vizuri, vumbi linaingia.

Barua hii nitaiweka kwenye sahani yako asubuhi, na kifurushi pembeni yake. Isome kabla hatujatoka kwenda uwanja wa ndege wa Luano. Mimi nitakuwa uani, nasafisha cheni ya baiskeli, ambayo ni safi. Ukitaka kuja kusema kitu, njoo useme, hata kama ni kibaya. Ukitaka kunyamaza mpaka uwanja wa ndege, nitakubebea sanduku na nitanyamaza nawe. Sitakulaumu ukinipa mkono tu, bila kunikumbatia.

Nakupenda, Mwadi. Sikulisema siku ulipofaulu, nikasema kofia yako imepinda. Sasa nimelisema.

Misumari utaona ni mizito kwa mtu wa kupanda ndege, na mama yako atataka kuitoa aweke unga. Usikubali. Ukifika, kabla hujafungua vitabu, tafuta mizani nzuri kuliko zote walizo nazo, funga mlango ili upepo upite kwingine, uipime misumari mara tatu. Ndipo ukate uzi wa ile karatasi. Utakachokiona, hata kama kimepishana na chake, kiandike kama kilivyo, na barua hiyo ya kwanza usiitume kwetu. Itume duka la Ramazani, barabara ya nyuma. Mimi nitasimama mlangoni kwake siku itakayofika, na kama atapenda, atanisomea.

Baba yako